Fisi Mwonja Chambo

Hapo zamani za kale, wakati wanyama bado wanapika kwa mafiga, wanafagia nyua zao na kugombana na majirani kwa sababu ya moshi, palikuwa na bwawa linaitwa Kitopeni. Sogeeni, sogeeni. Na wewe uliye nyuma, acha kumfinya mwenzako. Hadithi hii inanuka, nikishaitoa mara moja siirudii.

Mwaka huo jua lilikuwa kali, kali kweli. Mito ilikauka, visima vilikauka, na maji yalibaki Kitopeni peke yake. Chini ya maji hayo, kwenye tope jeusi, walijaa kambale. Wanono, wenye sharubu ndefu na ngozi ya utelezi. Msiniulize kambale walisema nini. Wanyama wengine wote waliongea, lakini kambale walinyamaza, midomo yao ilikuwa imejaa matope.

Pale ukingoni aliishi Mama Kidawa. Alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mdomo wake nao haukuwa mzito. Mumewe alikwenda kutafuta mayai ya mamba na hadi leo hajarudi. Alimwachia watoto wanne: Kidawa, ambaye ndiye mkubwa, na wadogo zake watatu, wadogo hasa, wote walilala kwenye ungo mmoja na nafasi ikabaki.

Mwenye bwawa alikuwa Mzee Kiboko. Hakulichimba yeye wala hakurithishwa na mtu, ila alilala humo, na nani angethubutu kumwambia atoke?

Mzee Kiboko alikuwa na sheria zake. Kila mwaka, mvua zikikaribia, ilifanyika Siku ya Kambale. Siku hiyo kila nyumba ya ukingoni ilitoa kambale mmoja, wakapikwa kwenye chungu kimoja kikubwa, watu wote wakala pamoja. Na nyumba isiyotoa kambale ilihama.

"Asiyejua kuvua anakaa ukingoni afanye nini?" alikuwa akisema Mzee Kiboko. "Ahamie porini, akale vumbi!"

Zamani jambo hilo halikumsumbua mtu. Watu walivua kwa mgono, kile kikapu kirefu cha matete. Samaki akiingia mlangoni, vijiti vinajikunja na kumpisha. Akitaka kutoka, vijiti vile vile vinamkazia. Basi. Unakwenda asubuhi, unamkuta anakungoja.

Lakini mwaka uliopita Mzee Kiboko alikanyaga mgono ukamnasa mguuni. Akatembea nao asubuhi nzima, kwacha, kwacha, kwacha, na watoto wote wa Kitopeni wakamfuata nyuma wakicheka. Akakasirika! Akapiga marufuku migono, akapiga marufuku nyavu.

"Vueni kwa ndoana! Ndoana, mshipi na chambo, basi!"

Na kama hilo halikutosha, kukatokea mtu, hakujulikana ni nani, akatwanga majani ya utupa na kuyatia bwawani. Utupa mnaujua? Ni mti wa sumu, ukitiwa majini samaki wanalewa, wanaelea tumbo juu. Mzee Kiboko naye aliyanywa maji yale. Jamani, tumbo lilimkamata siku hizo, hata mimi naona haya kuwasimulia. Alipopona akaongeza sheria nyingine: kila chambo lazima kwanza kionjwe na mlinzi wa bwawa, ijulikane hakina sumu.

Na mlinzi alikuwa nani? Alikuwa Fisi.

Mnacheka nini? Fisi aliiomba kazi mwenyewe, na Mzee Kiboko akamchagua kwa sababu ana pua kali na tumbo lisilodhurika. Alifikiri sawasawa, ila kuna kitu kimoja alikisahau, na ninyi mmeshakijua.

Asubuhi moja, Siku ya Kambale ikiwa imekaribia, Mama Kidawa alichimba kwenye kivuli cha migomba yake akapata nyungunyungu wanene, wekundu, wanaojinyonganyonga. Akawatia kwenye kifuu cha nazi akashuka bwawani na mshipi wake begani.

"Simama hapo!" Fisi akasema. "Umebeba nini?"

"Chambo, Bwana Mlinzi. Nyungunyungu."

"Lete nionje."

Mama Kidawa akampa kifuu. Fisi akachukua nyungunyungu mmoja, akamtafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Mmh. Huyu hana sumu. Lakini wa pili je?"

"Wote nimewachimba shimo moja, Bwana Mlinzi."

"Sumu haijali shimo, mama." Fyuu! Akamfyonza wa pili. Fyuu! Wa tatu. Fyuu, fyuu, fyuu! Kifuu kikabaki kitupu kinang'aa. Fisi akakipindua, akakilamba chini, akamrudishia. "Chambo chako ni salama kabisa. Nenda kavue."

"Nivue na nini?"

"Hilo halinihusu. Kazi yangu ni kuonja."

Mama Kidawa akarudi nyumbani na kifuu mkononi. Siku ya pili akaleta kumbikumbi waliokaangwa, Fisi akawaonja wote, hata mabawa. Siku nyingine akaleta vipande vya maini, navyo vikaonjwa. Akaleta ugali mkavu akidhani Fisi hatautaka. Fisi akaula, halafu akauliza, "Mboga iko wapi?"

Na si yeye tu. Jirani yake, Bi Buku, yule panya mkubwa mwenye meno ya kukata gogo, alipeleka dagaa wake wa mwisho nao wakaishia tumboni humo humo. Ukingoni kote watu walikaa na ndoana tupu wakitazamana.

"Twende kwa Mzee Kiboko," Mama Kidawa akasema.

Wakaenda, yeye na Bi Buku. Mzee Kiboko alikuwa ndani ya maji, pua na macho tu ndivyo vilivyoonekana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Semeni upesi, nina usingizi."

"Mzee, mlinzi wako anamaliza chambo chetu."

"Fisi? Aah, wapi! Nimemuuliza mwenyewe. Ameniambia analamba kwa ncha ya ulimi tu, kisha anatema. Mmeshindwa kuvua sasa mnatafuta mchawi." Puuuuh! Akapuliza maji akazama.

Jioni hiyo Bi Buku alianza kufunga vyungu vyake kwenye mkeka. Mama Kidawa alimwona, moyo ukamshuka. Aliingia ndani akamkuta Kidawa ameshika wadogo zake mikono.

"Mama, na sisi tunahama?"

"Nani kasema?"

"Bi Buku anafunga. Huko porini kuna maji?"

Mama Kidawa alitaka kudanganya, akashindwa. Porini hapakuwa na maji. Hata kinda la ndege lisingemaliza siku mbili huko, sembuse watoto wale wa kulala kwenye ungo. Akawakumbatia wote akalia kidogo, kwa siri, maana mtoto akimwona mama analia anafikiri dunia imekwisha. Kisha akafuta macho akasema, "Hatuhami. Sijui tutafanyaje, lakini hatuhami."

Kesho yake hakwenda kuvua. Alipanda juu ya kichuguu akakaa kumtazama Fisi, tu, kumtazama. Ukitaka kumjua mtu mwangalie akiwa hana habari nawe. Fisi alionja utumbo wa kuku wa jirani mmoja, akaumaliza wote pamoja na jani ulilofungiwa. Akajilamba. Akasikia kiu. Akainama bwawani kunywa maji, kidevu chake kimelowa utumbo, na mara, chubwi! Kambale akaibuka akamdaka ndevu.

"Yalaa!" Fisi akaruka nyuma. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akadhani hakuna aliyemwona. Akaondoka akijipangusa.

Mama Kidawa aliteleza kutoka juu ya kichuguu kama kapigwa teke. Alikimbia mpaka kwa Bi Buku, pumzi hana.

"Shoga! Shoga, fungua vyungu!"

"Umepatwa na nini wewe?"

"Chambo chetu hakijapotea! Kipo! Kinatembea kwa miguu minne, kimevaa manyoya!"

Bi Buku akamtazama, akamgusa paji la uso. "Una homa?"

"Sikiliza. Kambale haoni, anaishi kwenye tope, ataona nini? Kambale ananusa. Kinachonuka ndicho anachokifuata. Sasa niambie, Kitopeni hapa nani ananuka kuliko Fisi akishaonja?"

Bi Buku akafikiri. Akaanza kutabasamu, meno yote nje. "Lakini utamfungaje kwenye ndoana, mnyama mkubwa vile?"

"Simfungi. Nitamjengea bafu."

Basi Mama Kidawa akavaa kanga yake safi akarudi kwa Mzee Kiboko.

"Shikamoo, Mzee wangu. Leo sikuja kulalamika. Nimekuja kukuonea uchungu."

"Uchungu wa nini?" Mzee Kiboko akatoa kichwa.

"Mzee mzima kama wewe, mwenye bwawa, Siku ya Kambale unakaa na wageni wako, na pembeni yako mlinzi ananuka! Watu wanasema. Mimi nawanyamazisha, lakini wanasema."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ile harufu ni yako."

"YANGU?" Mzee Kiboko akasimama, maji yakapanda ukingoni yakalowesha kanga ya Mama Kidawa. "Harufu yangu mimi? Mimi ninayeshinda majini kutwa?"

"Ndivyo nilivyowaambia, Mzee! Sasa mimi na Bi Buku tumefikiri, tumjengee mlinzi bafu la matete, pale kwenye maji machache. Aingie kwa upande wa nchi kavu, ajifiche na macho ya watu, aoge, akae pembeni yako akiwa safi."

Mzee Kiboko akakunja uso. "Matete, matete... Si mgono huo?"

"Mgono, Mzee? Ulishaona mgono wa kuingia Fisi mzima na sabuni yake?"

"Sijaona," akakubali.

"Mlango mmoja wa kuingilia mlinzi. Na upande wa bwawani tutaweka vijilango vidogo, vya kupitisha maji safi. Wewe mwenyewe hutaki aoge kwenye maji machafu."

"Sitaki, sitaki. Jengeni! Na lijengeni upesi, kabla wageni hawajafika."

Bi Buku akakata matete, kra, kra, kra, kama mundu. Mama Kidawa akasuka, na Kidawa na wadogo zake wakaleta kamba za migomba. Wakazungushia maji machache uzio mzuri, mrefu. Upande wa bwawani wakaweka vile vijilango, na vijiti vyake vilikunjika kuelekea ndani tu. Ukisukuma ukitoka bwawani vinakupisha. Ukisukuma ukitoka bafuni, vinakukazia. Mzee Kiboko alipita kukagua, akasifu kivuli cha bafu.

Sasa ikabaki chambo. Hapo Mama Kidawa hakutaka mchezo. Alichukua chungu, akatia utumbo wa kuku. Akatia dagaa walioota ukungu. Akatia damu iliyoganda aliyoomba kwa mchinjaji, na maziwa yaliyochacha, na unga wa muhogo mwingi ili kishikane, kisiyeyuke upesi majini. Akakoroga, akafunika, akakiacha juani. Kesho yake alipofunua, inzi wawili walianguka chini wenyewe.

"Mama!" Kidawa akaziba pua. "Kimeoza!"

"Bado kidogo," Mama Kidawa akasema, akafunika tena.

Siku ya Kambale ikafika. Ukingoni palijaa. Waliokuja na ndoana walikuja, waliofunga mizigo yao walikaa juu ya mizigo. Chungu kikubwa kilikuwa jikoni, maji yanachemka, ndani hamna hata samaki mmoja. Jua lilikuwa limeanza kuinama, wakati kambale wanapoanza kutembea kutafuta chakula, ndipo Mama Kidawa akashuka na chungu chake kichwani. Watu walimpisha njia, na si kwa heshima.

Fisi alimnusa kabla hajamwona. Masikio yakasimama, mate yakaanza, tii, tii, tii.

"Mama Kidawa! Karibu, karibu, dada yangu! Leo umeleta nini?"

"Chambo tu, Bwana Mlinzi. Lakini nakuomba leo uonje kidogo. Ncha ya ulimi."

"Ncha ya ulimi, wallahi."

"Kimenigharimu kazi kubwa."

"Fungua bwana!"

Akafunua. Fisi akaweka ulimi, akaguna, "Mmmh!" Akaweka mdomo. Akaweka kichwa chote, kofu, kofu, kofu, chungu kinatingishika. Alipokitoa kichwa alikuwa amepakaa hadi masikioni. Akaingiza mikono akakwangua pembeni. Unga wa muhogo ukamgandia kidevuni, shingoni, kifuani, kwenye kope. Akakaa chini akakikumbatia chungu, akakilamba, mkia nao ukaburura kwenye kilichomwagika.

"Kina sumu?" Mama Kidawa akauliza.

"Hakina!" Fisi akasema, akacheua. "Ni salama kabisa. Nenda kavue."

"Umeshuhudia, Bi Buku? Chambo changu kimeonjwa, kimepita?"

"Nimeshuhudia, na watu wote wameshuhudia."

Mara kukasikika kishindo, dhu, dhu, dhu. Mzee Kiboko alikuwa anakuja na wageni wake, amejipaka tope jipya, mwendo wa bwana harusi.

"Maskini ya Mungu, Bwana Mlinzi!" Mama Kidawa akashika kichwa. "Mzee anakuja, na wewe hebu jitazame! Si ulimwambia unalamba kwa ncha ya ulimi? Hiyo nayo ni ncha ya ulimi, imefika kifuani?"

Fisi akajitazama. Akageuka mkono huu, akageuka mkono huu. "Ala! Nimekwisha! Nifanye nini, dada yangu?"

"Si una bafu? Kimbia, ingia, oga! Jikalishe majini mpaka shingoni, usugue hasa. Mimi nitamchelewesha kwa salamu."

Fisi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipita mlangoni, chubwii! akakaa. Na maji yakaanza kuchukua ile harufu polepole, yakaipeleka kwenye vijilango, yakaipeleka bwawani, mbali, chini, kwenye tope.

Mama Kidawa akamkabili Mzee Kiboko. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Yuko wapi mlinzi?"

"Anaoga, Mzee."

"Vizuri sana! Hivyo ndivyo ninavyotaka." Akawageukia wageni. "Sikieni, hapa kwangu hata mlinzi anaoga."

"Shikamoo tena, Mzee. Na watoto hawajambo? Na mgongo wako? Na lile jino?"

Huku akiuliza, macho yake yalikuwa bwawani. Maji yalikuwa yametulia, kimya, hata kiputo hakuna. Wenye mizigo walikuwa wameshika vishikio. Bi Buku alimwangalia kwa jicho la kuuliza, na Kidawa amemshika kanga, anamvuta.

"Mama, hawaji."

"Ngoja."

"Mama..."

"Ngoja, mwanangu."

Kiputo kimoja kikapanda. Kisha kingine. Kisha mstari mzima wa viputo ukaenda bafuni, puku, puku, puku, na matete ya uzio yakaanza kutikisika, kila upande, kana kwamba kuna upepo.

Ndani ya bafu Fisi alikuwa anajisugua huku akijiimbia. Mara akanyamaza.

"Nani huyo?" sauti yake ikatoka. "Nasema nani... Aa! Mkia wangu! Acha! Achaaa! Yalaa! Mmoja kwapani! Yuko kwapani! Mama yangu weee!"

Chapa, chapa, chapa, chapa! Maji yaliruka juu ya uzio. Kambale walikuwa wanaingia vijilangoni mmoja juu ya mwingine, wanapishana, wanasukumana, kila mmoja anafuata unga wa muhogo. Na Fisi kadiri alivyorukaruka ndivyo alivyolivuruga tope, na harufu ikazidi. Mwishowe alipasua mlango akatoka mbio mpaka mbele ya wageni, ananing'iniza kambale kidevuni, mkubwa, anapiga mkia wake huku na huku. Masikioni bado pamejaa chambo.

Halafu mtu mmoja akacheka, na ukingo mzima ukaangua kicheko, hata wageni walishikana mabega.

Mzee Kiboko hakucheka. Alisogeza pua, akamnusa Fisi kuanzia masikio mpaka kifuani.

"Hiki nini?"

"Cha-chambo, Mzee," Fisi akasema kwa tabu, samaki amening'inia kidevuni. "Nilikuwa naonja."

"Kwa ncha ya ulimi?"

Fisi akainamisha kichwa. Kambale naye akainama.

"Basi kumbe walisema kweli," Mzee Kiboko akasema taratibu, na sauti yake ilikuwa na aibu. "Walinijia, nikawapulizia maji." Kisha akageuka, akaona bafu, akaona matete yanavyotikisika, na macho yake yakapanuka. "Na huo... Mama Kidawa! Huo ni mgono!"

Kicheko kikakatika. Mama Kidawa alimsogeza Kidawa nyuma yake. Akasogea mbele, mdogo vile, mpaka kwenye kivuli cha Mzee Kiboko.

"Ni mgono, Mzee. Sifichi tena. Lakini hukunaswa wewe, na hauko njiani pako, na uliukagua mwenyewe ukasifu kivuli chake. Chambo changu kimeonjwa na mlinzi wako mbele ya watu, kikapita. Kama mlinzi amekibeba mwilini akaingia nacho majini, mimi kosa langu liko wapi? Ukitaka kunifukuza nifukuze mimi. Watoto hawa waache, hawana pa kunywa maji."

Mzee Kiboko akamtazama. Akawatazama wale watatu wadogo waliojificha kwenye kanga. Akatazama mizigo iliyofungwa ukingoni, mkeka kwa mkeka, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Tumbo lake likaanza kutikisika. Kikamtoka kicheko, ho, ho, ho, ho, hata akakaa chini.

"Fisi mzima na sabuni yake!" akasema, machozi yanamtoka. "Umenipata, mama. Umenipata mchana kweupe. Haya, leteni makapu! Kila nyumba ichukue wake!"

Watu wakakimbilia bafuni na makapu, na vikapu, na sufuria, na kanga. Kambale walitosha, wakabaki. Nyumba baada ya nyumba ikatia samaki wake kwenye chungu kikubwa, na waliokuwa juu ya mizigo wakaanza kufungua kamba. Bi Buku alirudisha vyungu vyake jikoni huku akiimba vibaya sana.

Hapo Mzee Kiboko akakumbuka jambo. "Fisi! Na nyumba yako? Kambale wako yuko wapi?"

Fisi akatazama chini. Maji yalimchuruzika, unga umegandamana usoni. "Sina, Mzee," akasema. "Sijui kuvua kwa ndoana. Sikuwahi kufundishwa. Niliona haya kuuliza, ndiyo maana nikaomba kazi ya kuonja."

Wengine walisema kwa sauti ya chini, "Ahame, alitaka tuhame sisi." Mama Kidawa naye alilifikiri. Alifikiri kifuu chake kitupu, akafikiri machozi yake ya jioni ile. Alikuwa na hasira, hasira ya haki kabisa. Kisha akamwona Fisi anavyotazama porini, kwenye lile vumbi, kwa macho yale yale ya Kidawa.

"Mzee," akasema, "mbona kambale wake anaye? Huyo hapo kidevuni. Kamvua mwenyewe, sote tumeona. Na hakuna aliyevua kwa taabu kama yeye."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa laini. Mzee Kiboko akamnyofoa yule kambale kidevuni, Fisi akalia "Yalaa!" mara ya mwisho, na samaki akaingia chunguni pamoja na wengine.

Tangu siku hiyo migono ilirudi Kitopeni, ikawekwa pembeni ambako Mzee Kiboko hapiti. Chambo kikiletwa kilionjwa na aliyekileta, mbele ya jirani yake, punje moja. Na Fisi alikaa ukingoni na mshipi kila asubuhi, Kidawa pembeni yake akimfundisha kufunga nyungunyungu kwenye ndoana, akimpiga kofi mkononi kila anapousogeza mdomoni. Mvua ziliponyesha alikuwa ameshavua wawili, wadogo, akawapeleka mlangoni kwa Mama Kidawa bila kuwalamba hata kidogo.

Nimewapikia yote, hata harufu sikuwanyima. Lililobaki mlale nalo ni hili: ukipewa kazi ya kuonja, onja, usimalize chungu cha mwenzako.